Elektroni haing'oi atomu za chumvi kwa kuzigonga

Mhariri,

Makala mliyochapa kwenye ukurasa wa sayansi, juu ya fuwele za chumvi zinazomiminiwa elektroni ndani ya ombwe, imeeleza tukio lenyewe vizuri. Ni kweli kwamba uso wa fuwele huanza kupoteza atomu, na kwamba baada ya muda tabaka zima huondoka. Kasoro iko kwenye sababu iliyotolewa. Mwandishi anachukulia kwamba elektroni huziangukia atomu kama mawe na kuzing'oa kwa nguvu ya kugonga. Tunaomba nafasi ya kusahihisha, kwa sababu anayeamini hivyo ataongeza volti akitaka atomu nyingi zaidi, wakati alichotakiwa kufanya ni kupasha fuwele joto.

Hesabu fupi inatosha kuiondoa picha ya mawe. Atomu ya klorini ni nzito kuliko elektroni takriban mara 65,000. Elektroni yenye nishati ya elektronivolti 1,000 (eV kwa kifupi) ikigongana uso kwa uso na klorini, haiwezi kuipa zaidi ya eV 0.06 hivi. Bromini, iliyo nzito zaidi, inaambulia eV 0.03. Kuitoa atomu kwenye fuwele kwa mabavu kunahitaji eV kadhaa. Ili klorini ipate eV 5 kwa kugongwa tu, elektroni ingepaswa kuja na eV 75,000 hivi. Lakini chumvi hupoteza atomu hata kwa elektroni za eV 100. Hata mwanga wa urujuanimno wenye eV 8 au 9 kwa kila fotoni (chembe ya mwanga) hufanya kazi hiyohiyo, na hakuna atakayesema kwamba mwanga huo umeing'oa atomu kwa kuigonga.

Basi nishati hupitia wapi? Haiendi kwenye viini vya atomu. Inaishia kwenye elektroni za fuwele yenyewe.

Fuwele ya KBr (potasiamu na bromini), KCl (potasiamu na klorini) au NaCl (sodiamu na klorini, chumvi ya mezani) ni safu za ioni mbili zinazopishana, metali yenye chaji chanya na halojeni, yaani klorini, bromini na ndugu zao, yenye chaji hasi. Elektroni inayoingia kutoka nje huziamsha elektroni za ioni za halojeni. Kila mara inapotumia nishati ya kiasi cha mara mbili au tatu ya pengo la nishati la fuwele, yaani nishati ndogo kabisa inayotosha kuiweka huru elektroni ndani yake (eV 7.4 hivi kwa KBr, na karibu 8.7 kwa NaCl), inaacha nyuma elektroni moja iliyo huru na tundu moja, yaani ioni ya halojeni iliyopungukiwa elektroni. Elektroni moja ya eV 1,000 huacha makumi ya jozi za namna hiyo, zote ndani ya makumi machache ya nanomita kutoka usoni.

Hapa ndipo chumvi inapoachana na yabisi nyingine nyingi. Tundu halitulii juu ya ioni moja. Ndani ya muda unaohesabiwa kwa sehemu za trilioni za sekunde, halojeni mbili jirani husogeleana na kushikana kama molekuli moja, na tundu linanaswa kati yao. Elektroni iliyo huru ikivutwa na molekuli hiyo, kunapatikana kitu kinachoitwa eksitoni iliyojinasa. Eksitoni hiyo haina uthabiti. Molekuli huteleza kwenye mstari wa halojeni, ambao hupita kwenye mshazari wa uso wa mchemraba, na kuacha nyuma nafasi tupu ya ioni ya halojeni ikiwa na elektroni ndani yake. Nafasi hiyo yenye elektroni ndiyo kituo F. Upande wa pili, halojeni mbili zimebanana mahali palipotengwa kwa moja, na hapo panaitwa kituo H. Maelezo haya ya msingi yalitolewa katikati ya miaka ya 1960 na Pooley na Hersh, kila mmoja kwa njia yake. Marekebisho yamefanywa tangu hapo, lakini mhimili haujahama.

Kwa maneno mengine, atomu haikurushwa na elektroni ya nje. Fungamano limevunjika kikemia, na nishati ya kuisukuma atomu moja nje ya safu imetoka kwa majirani zake yenyewe.

Kituo H ni chepesi wa miguu. Husogea hata kwenye baridi kali, kwa mtindo wa watu waliojipanga wakipokezana ndoo: ndoo inafika mbele, na kila mtu yuko palepale alipokuwa. Kikifika usoni, atomu moja ya halojeni hutoka. Atomu zinazotoka kwa njia hii zina kasi ya kawaida ya halijoto ya fuwele na hutawanyika pande zote. Kuna kundi la pili la halojeni lenye kasi zaidi. Baadhi ya matundu hufika usoni kabla hayajanaswa, na halojeni ya pale juu hufukuzwa moja kwa moja, wima kutoka kwenye uso wa (100), yaani uso bapa wa mchemraba wa fuwele, ikiwa na sehemu kadhaa za kumi za eV. Tofauti hiyo hupimika bila shida. Bromini ya eV 0.25 husafiri karibu mita 780 kwa sekunde, wakati bromini ya kawaida kwenye kelvini 400 huenda kama mita 290. Kwenye njia ya sentimita 10 zinapishana kwa zaidi ya sehemu mbili za elfu kumi za sekunde, na saa ya kielektroniki huzitenganisha kirahisi.

Metali nayo ina safari yake, na hapo ndipo makala yenu ilipokosea zaidi. Mchoro wenu unaonyesha sodiamu na klorini zikiruka pamoja kama pacha. Sivyo. Metali husubiri kituo F kitembee hadi usoni. Kikifika, elektroni yake huipa ioni ya metali chaji iliyokosa, na ioni inakuwa atomu isiyo na chaji, iliyoshikwa kwa ulegevu. Kuanzia hapo inaondoka kwa kuvukiza tu, kama tone la maji. Kwa hiyo ukizima elektroni ghafla, halojeni hukatika mara moja, ilhali metali huendelea kutoka kwa muda unaotegemea halijoto. Mtu anayepima kwa kuwasha na kuzima mwale wa elektroni, akihesabu tu kile kinachotoka mwale ukiwa umewaka, atapata metali pungufu na kudhani fuwele imetoa halojeni peke yake.

Wakati mwingine fuwele hutoa halojeni peke yake kweli. Kwenye halijoto ya chumba au chini yake, metali haivukizi kwa kasi ya kutosha. Hubaki usoni, hujikusanya kuwa visiwa vya metali tupu, na mtiririko wote hudhoofika. Ndiyo sababu majaribio ya KBr na KCl hufanywa mara nyingi kati ya nyuzi 100 na 200 za Selsiasi na kidogo zaidi. Hapo kila halojeni inayotoka hufuatwa na metali yake, na uso hubaki chumvi safi. LiF hudai joto kubwa zaidi, kwa kuwa litiamu ni mvivu wa kuvukiza. CaF₂ ni mfano mbaya zaidi: florini huondoka na kalisiamu ikabaki kama ngozi ya metali. Ukizidisha joto nako unaharibu, kwa sababu fuwele huanza kuvukiza yenyewe ikiwa molekuli kamili, na kipimo kinachanganya kazi ya elektroni na kazi ya tanuru.

Kuhusu rangi, mwandishi alisema chumvi hugeuka njano kwa sababu inaungua. Ndani ya ombwe hakuna cha kuunguzia. Rangi ni vituo F. Elektroni iliyofungwa ndani ya nafasi tupu hunyonya mwanga wa rangi maalumu: karibu nanomita 460 kwa NaCl, ndiyo maana inaonekana ya manjano hadi kahawia, karibu 560 kwa KCl, inayogeuka zambarau, na karibu 625 kwa KBr, inayogeuka bluu. Herufi F yenyewe inatokana na neno la Kijerumani la rangi, kutoka kwenye kazi za Robert Pohl na wenzake huko Göttingen. Ukiipasha joto fuwele hiyo au kuiacha kwenye mwanga mkali, rangi hufifia. Kitu kilichoungua hakirudi hivyo.

Tukae kidogo kwenye umbo la uso, maana hapo ndipo somo hili linapopendeza kuliko kwingine kote. Ungetegemea uso unaopoteza atomu ovyo uwe na makovu ovyo. Hadubini ya nguvu za atomu inaonyesha kinyume chake. Kwenye KBr hutokea vishimo vya mstatili vilivyonyooka kama vimechorwa kwa rula, kingo zake zikifuata pande za mchemraba, na kina chake nanomita 0.33, yaani tabaka moja tu la ioni. Vishimo hupanuka, hukutana, tabaka la juu linaisha, kisha vipya huanza kwenye tabaka la chini. Kundi la Chuo Kikuu cha Jagiellonia, Kraków, lilionyesha mwaka 2000 kwamba wingi wa atomu zinazotoka hupanda na kushuka kwa mdundo huohuo, wimbi moja kwa kila tabaka.

Sababu ni kwamba kituo F kinachofika chini ya sakafu tambarare hakipokelewi vizuri, mara nyingi hurudishwa ndani. Kwenye ukingo wa ngazi au kwenye kona, ioni ya metali ina majirani wachache, na hapo atomu huachiliwa kirahisi. Kwa hiyo uso mpya ulio tambarare hutoa kidogo, uso wenye vishimo vingi hutoa sana, na vishimo vikiungana kingo hupungua na mtiririko hushuka tena. Anayetoa namba moja ya "atomu ngapi kwa kila elektroni" bila kusema uso ulikuwa na hali gani wakati huo, hajatoa kipimo cha kutegemewa.

Muda wa tabaka moja unaweza kukadiriwa kwa karatasi na kalamu. Uso wa KBr una jozi za potasiamu na bromini takriban 4.6 × 10¹⁴ kwa kila sentimita ya mraba. Mkondo wa mikroampea 1 ulioenezwa juu ya milimita 10 za mraba huleta elektroni 6.2 × 10¹³ kwa sentimita ya mraba kila sekunde. Ikiwa kila elektroni inatoa jozi moja, tabaka huisha kwa sekunde 7 na nusu hivi. Fuwele yenye joto, ikipigwa kwa eV 1,000, inaweza kutoa jozi kadhaa kwa elektroni, na muda hupungua kwa kiasi hicho. Anayetaka kuyaona mawimbi apunguze mkondo hadi tabaka moja lichukue dakika kadhaa, la sivyo chombo chake hakitawahi.

Kwa wanafunzi walioandika kuuliza jaribio lenyewe hufanywaje, haya ndiyo yanayoangusha wengi. Fuwele hupasuliwa kwa wembe mnene uliowekwa sambamba na uso wa (100) na kugongwa pigo moja fupi. Mapigo mawili huacha ngazi nyingi mno. Ipasuliwe ndani ya ombwe, au nje muda mfupi tu kabla ya kuingizwa, kwa sababu unyevu wa hewa huyeyusha kingo na kuzilainisha. Kisha huachwa kwenye nyuzi 150 hadi 200 kwa saa kadhaa maji yatoke. Ombwe linalofaa ni la kiwango cha 10⁻¹⁰ mbar.

Joto ni mtego. KBr na NaCl hupitisha miale ya joto kama kioo kinavyopitisha mwanga, na ndiyo maana hutengenezewa madirisha ya vyombo vya infraredi. Taa ya kupashia iliyowekwa nyuma hupita ndani ya fuwele bila kuipasha sawasawa. Fuwele ipashwe kwa kugusana na kishikizo cha metali, ibanwe vizuri pande zote, na ijulikane kwamba termokapo (kipimajoto cha nyaya mbili za metali) iliyofungwa kwenye kishikizo husoma kishikizo. Uso wa fuwele unaweza kuwa makumi ya nyuzi nyuma yake.

Chaji ni mtego wa pili. Chumvi ni kihami, na chaji inayokwama hupinda mwale, hubadilisha nishati ya elektroni zinazotua na hata kusogeza doa kwenye sampuli. Dalili yake ni mtiririko unaorukaruka bila mpangilio. Joto husaidia, kwa sababu ioni huanza kupitisha umeme kidogo. Njia nyingine ni kutumia utando mwembamba wa chumvi uliowekwa juu ya kipitishi au nusukipitishi, ili chaji ipate pa kutorokea. Mkondo usipimwe kwenye waya wa sampuli, maana kila elektroni inayotua hutoa elektroni nyingine kadhaa kutoka usoni, na namba utakayosoma haina maana. Upimwe kwenye kikombe cha Faraday, yaani kikombe cha metali kinachonasa elektroni zote zinazoingia, kilichowekwa mahali pa sampuli. Mwale nao uenezwe sawasawa juu ya eneo lote. Ukiwa mzito katikati na mwepesi pembeni, katikati patakuwa kwenye tabaka la tano wakati pembeni ni la pili, na mawimbi yatafutana yote.

Katika spektromita ya masi, chombo kinachotenganisha atomu kwa uzito wake, bromini hujitambulisha kwa vilele viwili vya karibu urefu sawa, 79 na 81. Vikitokea 80 na 82, hiyo ni HBr (bromini iliyoungana na hidrojeni) inayotoka kwenye kuta za chombo, ambako halojeni hujibandika na kurudi baadaye. Klorini ni 35 na 37 kwa uwiano wa tatu kwa moja. Potasiamu 39 inachanganyika na mabaki ya mafuta yenye masi hiyohiyo, hivyo ilinganishwe na 41, ambayo kwa potasiamu safi haifiki sehemu 8 kwa 100 za kilele cha 39. Ili kutenganisha atomu zinazotoka kwenye uso na zile zinazozurura chomboni, diski yenye mikato huzungushwa kati ya fuwele na kigunduzi. Ikatwe njia ya atomu, si mwale wa elektroni, kwa sababu ya ule ucheleweshaji wa metali tulioutaja. Nyuzi zinazowaka za vipima ombwe zisimulike fuwele: mwanga unaonyonywa na vituo F huviamsha, vituo vilivyoamshwa hutembea vizuri zaidi, na kipimo kinapanda bila mwenyewe kujua kwa nini.

Makala pia ilisema kinachotoka ni ioni. Ioni zipo, lakini ni chache sana mbele ya atomu zisizo na chaji. Kigunduzi cha ioni peke yake kinaona ukingo wa tukio. Vilevile, mng'aro wa njano wa sodiamu wa nanomita 589 unaoonekana juu ya fuwele ya NaCl hautoki kwenye fuwele. Atomu za sodiamu hutoka zikiwa zimetulia, kisha huamshwa zikiwa njiani ndani ya ombwe na elektroni zinazotoka usoni. Kwa kuwa atomu na elektroni hizo zote huongezeka na mkondo, ukizidisha mkondo mara mbili mwanga huongezeka karibu mara nne.

Isidhaniwe kwamba kila fuwele yenye ioni hufanya hivi. MgO (oksidi ya magnesi) ina mpangilio uleule wa mchemraba kama NaCl, na pengo la nishati la karibu eV 7.8, lakini nishati ya eksitoni moja haitoshi kutengeneza jozi ya nafasi tupu na ioni iliyohamishwa. Elektroni za nishati ndogo huipita bila kuibomoa. Hata ndani ya ukoo wa chumvi kuna tofauti: halojeni zikiwa kubwa na nafasi kati yao finyu, kama kwenye NaI (sodiamu na iodini), kituo H hukosa pa kujipenyeza na jozi nyingi huungana tena kabla hazijaachana.

Somo hili halijafungiwa maabara. Uso wa Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, humiminiwa elektroni na chembe nyingine kutoka kwenye uga wa sumaku wa sayari hiyo. Mwaka 2019 watafiti Trumbo, Brown na Hand walitangaza kwamba darubini ya anga ya Hubble imeona huko unyonyaji wa mwanga karibu na nanomita 450, alama ya vituo F vya NaCl. Njano ile ya Europa ni ileile ambayo mwandishi wenu aliiita kuungua.

Tungeomba mchoro urekebishwe mkichapa tena. Mshale wa klorini uchorwe wima kutoka usoni kwa zile za kasi, na uliotawanyika kwa zile za polepole. Sodiamu ichorwe ikitoka baadaye, pande zote, kutoka kwenye ukingo wa ngazi. Na ile elektroni kubwa iliyochorwa kama mpira unaogonga ukuta iondolewe kabisa.

Watafiti wa fizikia ya nyuso za yabisi